Mbwa wa Bwana Mlowezi

Yule mbwa ni mimi. Nimekana jambo hili kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua zilivyodumu, na sasa nimechoka. Picha yenyewe, ya utotoni mwangu, imetundikwa sebuleni kwa mama, mtaani Bondeni: mzungu mfupi mwenye kitambi, kofia ngumu ya jua kichwani, kiko mdomoni, na miguuni pake mbwa aliyefunikwa ngozi ya mbuzi. Mzungu ni mama yangu. Kuhusu mbwa, wageni niliwaambia ni mtoto wa jirani. Mume wangu nilimwambia ni mbwa wa kweli, na kwamba alikufa.

Kikundi cha akina mama kanisani kwetu kilikuwa kikiigiza historia kila sikukuu ya taifa. Wanaume hawakuwamo, kwa hiyo wanawake waliigiza kila mtu. Wote waligombania kuwa wapiganaji wa msituni. Mama alijichagulia mlowezi, ambaye hakuna aliyemtaka. Babake alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu huko Molo, na mama alikua akimtazama huyo bwana kutoka mlango wa jikoni. Usoni alijipaka vumbi jeupe kutoka machimbo ya Kariandusi, maana unga wa ngano ukikutana na jasho hugeuka chapati. Mimi, kitinda mimba wake, nilipewa kazi ya kubweka.

Mwaka huu akaja mpiga picha, msichana anayezunguka Bonde la Ufa akipiga picha za watu wanaoigiza watu wa zamani. Zitatundikwa katika ukumbi mmoja mjini Nakuru. Kikundi cha mama kimebaki na wajane wachache wenye miguu mibovu, na mama aliitaka hiyo picha mpya kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka. Alivaa buti, akajipaka vumbi, akashika kiko. Kisha akatazama chini.

"Mbwa yuko wapi?"

"Mathe, mbwa tutaacha," msichana akasema. "Nakutaka wewe peke yako."

"Basi hata mimi niache."

Wote wawili wakanigeukia. Nilieleza kwamba nina shahada mbili na goti moja zima. Nikaenda mbio kuazima mbwa wa jirani. Yule mbwa alimlamba mama vumbi shavuni, akapiga chafya, akatoroka na kiko. Msichana alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alivua kofia.

"Mama, ni mbwa tu," nilisema.

"Mbwa wa huyo bwana alikuwa anakula nyama kila siku. Baba anaipika, anaipoza, anamwekea kwa sahani. Na sisi tuko hapo mlangoni, tunameza mate. Sasa unataka niende kwa ukuta bila yeye, watu waone tu kazee kazuri na kofia?"

Habari za hiyo sahani sikuwa nimewahi kuzisikia. Hata hivyo nilikataa. Niliendesha gari hadi nyumbani nikijitayarishia hoja za kukataa, nikazipata nyingi, na nzuri.

Mama huiacha simu ilie mara moja tu, kisha hukata, ili mimi nimpigie kwa pesa zangu. Jioni hiyo ililia, ikalia, ikaendelea kulia. Nikajua mambo yameharibika.

"Huyo msichana anaenda Molo kesho asubuhi, na akienda harudi," alisema. "Nimemwambia apitie hapa kwanza. Nimemwambia mbwa yuko njiani."

"Na huyo mbwa amekubali?"

"Mbwa huitwa. Haulizwi."

Nilizitafuta zile hoja zangu. Kila niliyoishika, niliikuta imesimama mlangoni pa jikoni kwa watu, inameza mate.

"Haya," nilisema. "Lakini kubweka sitabweka. Ngozi iko wapi?"

"Nimeianika tangu mchana," alisema mama, na ndipo akakata.