Nafasi ya Jina Moja

Kazi yangu ni kubonyeza vitu mpaka viharibike. Kampuni inayonilipa iko Dar es Salaam, inatengeneza programu za simu, na kabla programu haijapelekwa kwa watu inaletwa kwangu niichokoze. Naandika umri wa miaka mia tatu. Naweka jina lenye herufi moja. Nazima intaneti katikati ya malipo. Ikikwama, naeleza ilivyokwama, wenzangu wanarekebisha, wanairudisha, naanza upya. Ni kama kuwa mgeni mkorofi kwenye nyumba ya mtu, ila unalipwa.

Naifanyia Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu mtandao unashika na kodi si kubwa, na kwa sababu Dar nilichoka kukaa kwenye foleni ili nifike ofisini nikafungue kompyuta ileile niliyoamka nayo. Mama mwenye nyumba alinivumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"Binti, kazini huendi?"

"Niko kazini, mama."

"Hapo kitandani?"

"Hapa mezani."

Akaangalia meza, akaangalia kitanda. Vilikuwa vimegusana. "Haya, Mungu akuzidishie," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa.

Sina imani kubwa na teknolojia, na watu wakisikia hivyo hushangaa. Mimi sioni cha kushangaza. Aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini huuliza mara mbili kabla ya kuagiza supu. Katika vikao vyetu vya asubuhi, vya kwenye skrini, kila kitu kinaitwa suluhisho. Nimeshasikia suluhisho la watu kusahau kunywa maji. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu amewahi kufika hospitali kwa sababu hiyo. Nilipouliza mimi, niliambiwa tubaki kwenye ajenda.

Upande wa habari hali ni hiyohiyo. Kwenye grupu letu la ukoo kila asubuhi huingia video yenye sauti laini isiyo ya mtu, inasoma Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, inaeleza kwamba kitunguu kinatibu karibu kila kitu. Anayezituma zaidi ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Ukimuuliza kama anaamini, anasema haamini hata kidogo, anatuma ili na wengine waone. Nadhani hivyo ndivyo habari zinavyotembea siku hizi: hakuna anayeziamini na kila mtu anazipeleka mbele.

Huyo baba mdogo ndiye aliyenipigia. Anaishi milimani, Umatengo, upande wa Mpepai, kwenye nyumba aliyoiacha babu, na analima kahawa. Kanisani, baada ya misa, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la usafi wa makaburi, lilikuwa limesomwa tangazo la chama cha ushirika. Wanunuzi wa nje wanataka kujua kila gunia la kahawa limetoka shamba gani, na kwamba hakuna msitu uliokatwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kila mwanachama shamba lake lipimwe kwa simu kabla ya msimu wa kuuza. Unawasha programu, unazunguka mpaka, simu inachora ramani. Karani wa chama hawezi kupanda milima yote, hivyo mwenye simu janja ajipimie.

"Njoo, injinia wetu," baba mdogo akasema.

"Mimi si injinia, baba mdogo."

"Unashinda kwenye kompyuta?"

"Ndiyo."

"Basi."

Nikapanda Jumamosi na furushi la usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu huwezi kutoka ziwani ukafika mlimani mikono mitupu. Shangazi yangu ndiye aliyelipokea, akalifungua, akalinusa, akasema safari hii sikudanganywa. Yeye ni dada mkubwa wa baba mdogo. Aliolewa mbali, akafiwa na mume, akarudi nyumbani. Babu, wakati huo akiwa hai, alimpa upande wa chini, karibu na kijito, palipokuwa na kahawa chache zilizozeeka. Alizikata zichipue upya, akapanda nyingine, akachimba ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, za mahindi na maharage. Akajiunga na chama kwa jina lake mwenyewe. Kahawa yake huichuma yeye, huianika yeye, huipeleka yeye. Kwa mwanamke aliyerudi kwa kaka au mdogo wake, jambo hilo la jina si dogo. Ndilo linalomfanya awe mwenyeji na si mgeni aliyekaa sana.

Sasa, mtu wa nje akisikia "shamba" anafikiria kipande chenye pembe nne. Kwa Wamatengo shamba ni mgongo. Wanaita ntambo: mgongo mzima wa mlima, kuanzia nyumba zilipo juu hadi vijito vinavyopita chini kila upande, na wote ni wa ukoo mmoja. Ndani yake kila mtu anajua kwake. Mstari wa migomba, njia ya maji, jiwe. Lakini ukimwambia Mmatengo akuonyeshe mpaka wa shamba lake, atakupeleka kwenye kijito, kwa sababu mpaka ni pale ukoo mwingine unapoanzia. Mstari wa migomba kati ya ndugu hauitwi mpaka. Kuuita hivyo ni kama kutangaza ugomvi.

Kwa hiyo tulipoambiwa tuzunguke mpaka, tulizunguka ntambo. Baba mdogo alishika simu mbele kama anayebeba mshumaa wa Pasaka. Shangazi alitangulia na panga akifyeka njia, akimcheka. "Usiidondoshe, itazama na shamba zima!" Tukashuka na kijito cha kwanza, tukazunguka bondeni, tukapanda na cha pili. Miteremko ya kule haina huruma, na mimi mtu wa kukaa mezani nilipumua kama mashine ya kusaga. Tuliporudi mlangoni, mstari ukajifunga, mgongo wote ukageuka rangi ya kijani kwenye skrini. Ulipendeza, sikatai.

Kisha programu ikauliza jina la mmiliki. Nafasi ilikuwa moja.

"Na shangazi?" nikauliza.

"Andika huyo, ndiye mwenye nyumba," shangazi akasema, akisugua tope kwenye panga. "Mimi si nimo humohumo?"

Kwa namna wanavyoishi, alikuwa sahihi. Baba mdogo akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akabonyeza tuma, watoto wa jirani wakapiga makofi. Jioni tukala ule usipa kwa ugali, na picha ya mgongo wa kijani ikatumwa kwenye grupu, ikakaa chini ya video ya kitunguu.

Siku chache baadaye nilikuwa mezani kwangu Mbamba Bay nikiichokoza programu ya kuagiza gesi. Shangazi akapiga. Yeye hapigi, hubipu. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ninyi watu wa mtandao mmenipeleka wapi?"

Alikuwa ametoka kwa karani. Alikwenda kuhakikisha kama jina lake limeingia, na yule kijana akatafuta, akatafuta tena, akamwambia, "Mama, wewe kwenye ramani hupo." Akamwonyesha mgongo wote ukiwa na jina la mdogo wake. Kwa upole kabisa akamshauri kahawa yake aipitishe kwa huyo mdogo wake, maana mwanachama asiye na shamba mfumo hautampokea. Msimu ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

"Nimemwambia nimekuja na mikono yangu, aitazame hii," shangazi akasema. "Ananiambia mfumo hauoni mikono."

Nikapanda tena. Baba mdogo hakuwa na kinyongo. Yeye mwenyewe alishtuka, akasema pimeni tu na la dada. Tukazunguka upande wa chini mimi na shangazi, kijito, jiwe, mstari wa migomba, tukafunga mstari, tukaandika jina lake. Programu ikajibu kwa maandishi mekundu: eneo hili limeshasajiliwa. Nikajaribu kila ninachokijua. Mwisho nikampigia karani, akasema njia ni moja. Aliyesajili afute shamba lote, halafu kila mtu apimiwe lake.

Nilipomweleza baba mdogo neno "afute", aliketi kwenye kiti cha barazani.

"Nikifuta, nimegawa," akasema.

"Ni kwenye simu tu, baba mdogo."

"Kila kitu kinaanza kwenye simu tu. Baba alikufa ntambo ikiwa moja. Leo mnachora mstari katikati. Kesho anakuja mtu na hiyo picha, anasema, mstari si huu hapa? Niuzieni upande huu."

Hakuwa amekosea. Kwenye kazi yangu nimeona mara nyingi: taarifa hukusanywa kwa sababu moja, sababu inasahaulika, taarifa inabaki, anakuja mwingine na sababu yake. Mtu aliyeamua nafasi ya jina iwe moja hakuwa mbaya. Bila shaka alikuwa na kikao, na mtu akamwambia wabaki kwenye ajenda.

Nikajaribu kuwa suluhisho. Nikawaonyesha kwamba chini ya jina la mmiliki kuna sehemu ya kuandika wategemezi, labda karani angekubali.

"Wategemezi?" Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaacha. "Nani anamtegemea nani? Muulize huyu nani alimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia."

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani, ndiyo. Sasa tuje kwenye ya mbele. Kahawa yangu ikipita kwa jina lako, mwaka huu utanipa changu, najua. Na mwaka ujao. Siku ukifa, watoto wako walioko mjini watasema nini? Kwamba shangazi alikuwa anatusaidia kuchuma?"

"Unaniua mapema."

"Nakupangia tu."

Baba mdogo akacheka, kisha kicheko kikaisha katikati. Shangazi akarudia kuchambua. Maharage yalikuwa yanaanguka kwenye ungo moja moja. Nilitaka kusema kitu, kisha nikaona kwamba wote wawili walikuwa wanakilinda kitu kilekile, na kwamba simu ilikuwa imewawekea chaguo ambalo babu hakuwahi kuwawekea. Sikulisema hilo. Lingesikika kama video ya asubuhi.

"Lete," hatimaye baba mdogo akasema.

Nikamfungulia ukurasa. Akampa dada yake simu. "Bonyeza wewe. Mimi sitaki kidole changu ndicho kiwe kimefanya hivyo."

"Hapana, mdogo wangu. Uliliweka kwa kidole chako, litoe kwa kidole chako. Nisije nikaambiwa nilijikatia."

Akaipokea. Akabonyeza futa. Programu, kama zote, ikamuuliza: Una uhakika? Nimeuona ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyouona uso wangu, na sijawahi kumwona mtu akiusoma. Yeye aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaujibu, kwa sauti pia.

"Hapana," akasema. Na akabonyeza ndiyo.

Rangi ya kijani ikatoweka. Mgongo ukabaki wa kahawia kama unavyoonekana kutoka juu, bila mtu.

"Haya, twende upesi kabla hajajiandika mtu mwingine," akasema, akainuka, na safari hii ndiye aliyeshika panga. Tukaanza na upande wa shangazi. Baba mdogo alifyeka mbele, shangazi akabeba simu, mimi nyuma nikiwaambia wasiende mbio, setilaiti hazipendi. Kwenye mstari wa migomba wakagombana kuhusu mti mmoja wa kahawa uliosimama katikati kabisa. Shangazi akasema ni wa mdogo wake, alimwona babu akiupanda. Baba mdogo akasema ni wa dada yake, ndiye anayeuwekea mbolea. Kila mmoja akakataa kuuchukua, wakaitana wakaidi kwa Kimatengo, na simu ikangoja, ikihesabu nukta mahali pamoja. Mwisho shangazi akaupita kwa upande wake, akauacha nje, na zamu ya baba mdogo ilipofika naye akaupita kwa upande wake.

Jina la shangazi likaingia. Karani alithibitisha kwa simu siku hiyohiyo, na msimu ulipofunguliwa shangazi alipeleka kahawa yake akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Aliniambia alimtaka yule kijana alisome jina lake mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi, kwa ajili ya waliokuwa nyuma kwenye foleni.

Lakini jioni ile ya kupima, tulipokaa barazani kuangalia ramani, mashamba yalikuwa mawili ya kijani, na kati yake ulibaki ukanda mwembamba wa kahawia kutoka juu hadi kwenye kijito, ukipinda pale penye ule mti wa kahawa. Baba mdogo akauvuta kwa vidole ukawa mkubwa.

"Hapa ni pa nani?"

Nikamwambia ni pa simu. Chini ya migomba haipimi sawasawa, na tena kila mmoja alipita upande wake. Tukitaka naweza kuparekebisha kesho, tuzunguke tena.

Shangazi akasogeza uso kwenye skrini, akautazama ule ukanda.

"Paache hivyohivyo," akasema. "Hapo ndipo tutakapopitia."