Michembe Niliyoionea Haya

Nakumbuka siku moja ya Machi ambayo, mwanangu, ningepewa kuirudia ningeirudia kwa magoti. Nilikuwa mke mpya hapa Unyambwa. Jirani yetu alikuwa Myahudi aliyekuja kufundisha wauguzi mjini, akiishi peke yake. Kwa heshima tulimwita Mama Miriamu, ingawa hakuwa na mtoto.

Asubuhi hiyo alibisha hodi akiwa na kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na ndizi na biskuti za pembe tatu, alizozijaza ukwaju uliopikwa kwa asali, maana tende alizozizoea hakuzipata.

"Leo ni Purimu, sikukuu yetu Wayahudi," akasema. "Kwetu tunapelekeana vyakula vya aina mbili, vya kuliwa hapo hapo, ili asiwepo wa kujiona hana rafiki. Mchana uje tule pamoja. Njoo na chochote ulicho nacho."

Nikaitikia, kisha nikaingia jikoni kutazama. Machi unaijua: mahindi bado yako shambani na ghala limebaki vumbi. Palikuwa na karanga, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikaona haya. Nimpelekee mgeni chakula cha njaa? Nikajiambia heri ningoje jogoo wangu akue, nimkaange vizuri, maana sisi wa Singida tunasifiwa kwa kuku. Basi sikwenda. Nilijifungia ndani nikisingizia kichwa.

Nilimwona kutoka dirishani, mwanangu. Alitandika meza barazani, sahani mbili, akakaa. Kila aliyepita njiani alimfanya ainue uso. Jua lilipopungua ukali aliondoa sahani moja, kisha ya pili, na hakuwa amekula.

Mama mkwe aliporudi kutoka mnadani Ikungi nilimweleza mpango wa jogoo, nikitegemea sifa. Akaweka mzigo chini taratibu.

"Yule mama hali kuku wetu, dini yao ina namna yake ya kuchinja. Karanga na michembe anakula, na hizo ni aina mbili. Mwenzio anatafuta rafiki, wewe unamtafutia kitoweo."

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo niliijua tangu shuleni, na siku iliponipima nikaanguka. Kesho yake niliona aibu kwenda, keshokutwa vilevile. Wiki haikuisha, akaitwa kwao, mama yake mgonjwa. Hakurudi tena. Kikapu chake kilibaki kwangu, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hiki hakikurudi kabisa.

Ndiyo maana kila Machi unaniona nakijaza karanga za asali na michembe iliyochemshwa ikalainika, nampelekea mtu anayekula peke yake. Najua mnanicheka, bibi na kikapu chake. Chekeni tu. Lakini katika vyote nilivyopeleka, hakuna hata kimoja kilichomfikia Mama Miriamu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi shika neno langu, mwanangu. Ukialikwa, nenda na kilichopo, wala usimngoje jogoo akue. Ukiwa na vitu viwili vya kulika, vifunge kitambaani uvipeleke leo, maana anayekungoja hajali umebeba nini.

Mungu akupe mkono usioona haya. Na siku utakapotandika sahani mbili, akupe mtu wa kukaa kwenye ile ya pili.