Magodoro Juu ya Paa

Joto linapokwisha, watu wa Al Hamra, mji wetu wa Kiarabu chini ya mlima wa mawe, huteremsha magodoro. Miezi yote ya kiangazi hulala juu ya mapaa. Kisha asubuhi moja huamka shuka zimelowa umande. Hapo mama yangu, aliyelelewa Unguja, alikuwa akisema vuli imeingia, ingawa vuli yetu haikuja na mvua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi kutoka chuo kikuu na kamera. Mama akanipa kazi moja: nipige picha za kumpelekea dada yake, wa mwisho wetu aliyebaki Unguja. Alikuwa mjane, hakujaaliwa watoto, na kila alipoitwa aje kwetu alijibu kwamba hawezi kuzeekea kwenye mawe. Hofu ya mama ilikuwa kwamba mmoja wao atazikwa mwenziwe hayupo.

Nikawa nakwenda shambani asubuhi. Nilingoja wanawake wamalize kufua kwenye falaji, mfereji wetu wa maji, maana hawakutaka kupigwa picha. Kisha nilipiga picha za maji yakipita kivulini mwa mitende, makomamanga yaliyopasuka, majani ya ndimu yenye umande. Kulikuwa na utulivu ulionifanya nishushe pumzi. Mlima niliuacha nje ya kila picha.

Mama alizitandaza mkekani.

"Mashaallah. Hapa wapi, Kizimbani kule Unguja?"

"Shambani kwetu, mama."

"Na mawe umeyaficha wapi? Mfukoni?"

"Si wataka aje?"

"Nataka aje akae. Akija kwa makomamanga haya, hata mwezi hautaisha, atadai tiketi ya kurudi."

Akachagua picha niliyoipiga ili kumaliza mkanda tu: paa letu, magodoro yamekunjwa, kanga yake imeanikwa ukutani, na nyuma mlima mtupu ukipokea jua lililoacha kuchoma. Akaipeleka hiyo peke yake.

Mama mkubwa alifika mwaka uliofuata, magodoro yakiwa bado juu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akiutazama mlima.

"Huu naujua," alisema. Kisha akamwuliza mama godoro lake ni lipi.

Zile picha za kijani ninazo hadi leo, na kwa uzuri bado naona zinaishinda ile. Lakini mama alipofariki, miaka michache baadaye, dada yake alikuwapo kumwosha.