Mbayuwayu wa waya zetu

Mwezi wa tisa, mbayuwayu wanapofika Uvira kutoka Ulaya, wanakaa juu ya waya za umeme za avenyu yetu, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo waya zile zinaijua vizuri. Tuliwaheshimu kuliko mafundi wa umeme, maana ndege angalau hufika. Kuna mtu alisema kwamba ndege hawezi kukaa juu ya waya yenye umeme, na avenyu nzima ikakubali, kwa sababu alisema kwa sauti kubwa.

Basi wakiruka wote mara moja, tulipiga kelele, "Kuran imerudi!" yaani umeme, na kila muntu akakimbilia ndani kuchomeka simu. Kumbe alikuwa mwewe tu, amepita kutafuta chakula. Tulitoka tukiwatukana ndege kwa uongo wao, na kesho yake tukawaamini upya.

Asubuhi moja niliona taa ya barazani kwa jirani yangu imewaka.

"Mama," nikamwita, "taa yako iko inawaka!"

Alitoka na mwiko mkononi, akaitazama taa, kisha akainua macho kwenye waya. Mbayuwayu walikuwa wametulia, wakijisafisha manyoya.

"Weye nawe," akaniambia, "hauone ndege wamekaa?"

Nikaona amesema kweli. Nikarudisha simu yangu iliyozimika mfukoni, tukaketi wote wawili chini ya taa ile mpaka umeme ukakatika.