Jina la Tisa kwenye Orodha

Saa moja na robo asubuhi, ofisi ya elimu ya wilaya bado haijafunguliwa kwa wageni, lakini mlango wa chumba cha mwisho uko wazi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili amesimama dirishani akitafuna kifuniko cha kalamu kama mwanafunzi aliyekutana na mtihani asioujua. Juu ya meza yake kuna karatasi moja tu.

Ni orodha ya walimu kumi na wawili wa shule za mjini watakaohamishiwa shule za pembezoni. Lazima isainiwe kabla ya saa sita mchana. Jina la tisa ni la mdogo wake wa toka nitoke, baba mmoja mama mmoja.

"Nimeisoma mpaka herufi zinanichezea," anasema bila kugeuka. "Lakini jina liko palepale."

Walimu humwita Mama Rejesta. Hata kwenye vikao vya maofisa wenzake huanza kwa kuita majina, na ole wako uchelewe kuitika. Ana miezi minne tu tangu ateuliwe kuwa ofisa elimu wa wilaya.

Safari yake ilianzia kwenye beseni. Mama yake alikuwa dobi wa bweni la chuo cha ualimu, naye kila Jumamosi alisaidia kusugua mashuka ya watu waliosomea kazi aliyoitamani. Ada ya muhula mmoja pale ilikuwa sawa na ujira wa mashuka mia tatu, yaliyofuliwa na kupigwa pasi.

Mwaka alioitwa chuoni, vidole vya mama vilikakamaa, hata kukamua nguo akashindwa. Mmoja wa mabinti wawili alipaswa kushika beseni.

"Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano," anasimulia. "Alivua sare, akaikunja, akasema, 'Dada nenda, mimi nitakufuata.' Alirudi shule kweli, lakini baada ya miaka miwili. Darasani walimwita bibi."

Mama Rejesta alifundisha miaka kumi na minane, akawa mwalimu mkuu, kisha mkaguzi wa shule. Mdogo mtu naye akapata cheti cha ualimu, akaolewa, akafiwa na mume. Kwa miaka kumi na mmoja amefundisha shule ileile ya mjini, karibu na nyumba na wanawe wawili.

Kigezo cha uhamisho ni hichohicho: aliyekaa mjini zaidi ya miaka kumi bila kuhama. Aliyekiandika ni Mama Rejesta mwenyewe.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," anasema, na kicheko chake kinakatika katikati.

Alikiandika baada ya kutembelea shule iliyo mwisho wa barabara, mwendo wa saa sita kwa lori. Ina wanafunzi 340 na walimu watatu. Alimkuta mwalimu mkuu amesimama mlangoni kati ya vyumba viwili, akifundisha hesabu kulia na kusoma kushoto. Darasa la kwanza lilikuwa halijapata mwalimu tangu mwaka uanze. Mzazi mmoja alimfuata mpaka kwenye gari akamuuliza, "Mheshimiwa, wanetu wamekosa nini?"

Saa nne, msaidizi wake anaingia na muhuri. Anaitazama karatasi, kisha anamtazama bosi wake.

"Mama, jina moja likidondoka hapa, nani ataliokota?"

"Mimi nitajua. Wewe utajua. Hao tayari ni wawili, kesho ni soko zima."

"Wengine wote wangefanya hivyo."

"Na ndiyo maana kule kuna walimu watatu."

Anasaini. Mkia wa saini unatoka nje ya mstari. Kisha anachukua barua ya uhamisho ya jina la tisa, anakataa gari la ofisi, anatembea.

Mdogo wake yuko chumba cha walimu, anasahihisha madaftari. Anaisoma barua akiwa amesimama.

"Dada, umeileta mwenyewe? Si ungemtuma tarishi?"

"Tarishi asingeweza kukutazama machoni."

"Mimi nilifua, wewe ukasoma. Leo ndiyo asante?"

Walimu wengine wanajifanya wanatafuta vitu kwenye makabati.

"Nakuomba, mdogo wangu..."

"Usiniombe kidada. Niamuru kiofisa, nitakwenda. Lakini udada tuuache kwanza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki moja baadaye mdogo mtu alipanda lori la kwenda shule ile ya mwisho wa barabara, na wanawe, magodoro mawili na jiko. Dada alifika kituoni kuaga. Watoto walimpungia mkono. Mama yao alitazama mbele.

Tangu hapo, simu ya Mama Rejesta haitoki mkononi. Anaogopa mvua, kwa sababu barabara ile ina mto usio na daraja. Anaogopa homa. Anaogopa kimya. Amepiga mara nyingi, haijapokelewa hata mara moja.

"Watu wananisifu kwamba nina msimamo," anasema. "Hawajui kwamba kila simu ikilia, nadhani ni habari za mto."

Mpango wake sasa ni nyumba sita za walimu kule mwisho wa barabara. Wazazi wameshafyatua matofali elfu nne, na ombi la mabati liko mezani kwa mkurugenzi. Anataka uhamisho wa kwenda kule usionekane tena kama adhabu, na wa kwanza kukabidhiwa ufunguo awe mwalimu mwenye watoto.

Siku ya ishirini na tatu ujumbe uliingia. Anauonyesha kwa haraka, kana kwamba unaweza kufutika. Hauna salamu wala jina.

"Darasa la kwanza nimekuta watoto tisini na sita. Chaki zimeisha."

Amenunua maboksi kumi. Ijumaa atapanda lori, ayapeleke mwenyewe.

"Hakusema nije," anasema. "Lakini pia hakusema nisije."