Shangazi na Viungo Visivyong'aa

Shangazi yangu amelehemu bodi za umeme kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumsikia akimung'unya maneno. Ukimuudhi, utajua siku hiyo hiyo. Hasira zake nimezirithi mimi, na sioni haya.

Kiwanda chao hutengeneza bodi za kuendeshea winchi. Mwaka jana kilianza kutumia lehemu isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa risasi ni sumu. Jambo jema kabisa. Ila lehemu ya zamani ikipoa humetameta, na hii mpya hubaki imefifia hata kama imeshika barabara. Msimamizi wao, ambaye maisha yake yote alizoea ile ya zamani, alipoziona bodi mpya alipandwa na mori.

“Hizi mmelehemu au mmepaka majivu?” alifoka. “Ongezeni ile ya zamani juu mpaka ing'ae!”

Wenzake Shangazi wakainamisha vichwa, wakaongeza. Yeye, ambaye siku hizo alikuwa pia mkaguzi wa mwisho, akaweka kalamu chini.

“Hizi sisaini.”

“Una nini, mama?”

“Umechanganya lehemu mbili, na kila moja ina joto lake la kuyeyuka. Winchi ikipata moto, ikapoa, ikatikisika kila siku, viungo vya lehemu vinapasuka. Breki ikiachia, chini kuna watu.”

“Wenye winchi wana wakaguzi wao. Saini, au kesho usije.”

“Haya, nasaini. Lakini siku ya majaribio wewe ndiye utasimama chini ya mzigo. Tuandike hapa hapa, tusaini wote wawili.”

Akamsukumia karatasi. Bwana mkubwa akanywea. Hakusaini, wala hakuthubutu kumfukuza, maana mkaguzi akifukuzwa wakubwa huuliza sababu. Akamhamishia chumba cha kufungia mizigo, kalamu ya ukaguzi akampa mwingine, akitumaini atachoka aondoke mwenyewe. Ndugu zetu walimsihi alegeze kamba. Mimi nilimwambia asithubutu.

Sasa anafunga maboksi. Kabla ya kubandika utepe, huipeleka kila bodi dirishani na kuikagua. Iliyochanganywa, yaani inayong'aa, huiweka kando, ukutani, na rundo limeshamfika kiunoni. Jana msimamizi alikuja mbio kuuliza kwa nini mzigo hautoki.

“Zile pale,” Shangazi alimjibu, akiendelea kukata utepe. “Zifunge kwa mkono wako, na jina lako uliandike juu ya boksi.”

Bado ziko pale.