Paswedi ya Mwalimu Gladness

Mtu wa mtaani kwetu Chuno akisahau paswedi yake, anakuja kwangu, Sabra wa steshenari. Natoa kopi, nawajazia watu maombi mtandaoni, na kompyuta ikiuliza kama ihifadhi paswedi, nabonyeza ndiyo. Wateja wenyewe ndio wanaotaka: "Niwekee humohumo, dada, mimi nitasahau." Miaka sita nilikaa na siri za mtaa mzima kwenye mashine moja, nikajiona mjanja kweli!

Mwalimu Gladness alikuja kwangu na jino limevunjwa. Mumewe, Fredi wa bandarini, alikuwa anampiga kila akijisikia. Tukaomba uhamisho wa kurudi kwao Singida, kimyakimya, majibu yaje kwenye barua pepe mpya ambayo Fredi haijui. Niliifungua mimi, nikahifadhi mimi.

Jumanne asubuhi Fredi naye akaja kusoma barua pepe yake. "Karibu, shemeji, kaa hapo," nikamwambia, nikageukia mashine ya kopi. Kumbe alipogusa tu mahali pa kuandika jina, kompyuta ikamshushia majina ya wateja wote, la mkewe likiwemo. Akalibonyeza. Paswedi ikajijaza yenyewe.

Nilisikia kiti kinaanguka. Alikuwa keshatoka. Barua aliiacha wazi: uhamisho umekubaliwa, aripoti Jumatatu.

Yalaa! Nikampigia Mwalimu simu, hapokei. Nikadandia bodaboda hadi kwao Ufukoni, namtukana dereva njia nzima aongeze mwendo. Mlango ulikuwa wazi. Fredi alikuwa amemkalia mkewe kifuani, anampiga usoni kwa pasi, damu imeruka mpaka ukutani. "Singida, eh? Singida!" Mwalimu hakuwa analia tena. Nikaokota mchi, nikamtandika Fredi kisogoni kwa nguvu zangu zote. Akaanguka. Nikamtandika tena, na tena, mpaka majirani wakaninyang'anya. Sijutii hata kidogo.

Fredi yuko mahabusu. Mwalimu alilazwa, jicho la kushoto limetolewa. Siku ya nne ndipo alipoweza kuongea, nikaenda kumwona. Mama yake nilimkuta nje kwenye benchi, kasafiri kutoka Singida, analia. Binti yake alikuwa amekataa asiingie.

"Ni mama aliyemwambia Fredi," Mwalimu akasema nilipomshika mkono. "Siku zote ananisihi nivumilie ndoa. Nilimwambia yeye na wewe tu, dada Sabra."

Ningeweza kunyamaza. Wallahi nilitaka kunyamaza. Lakini nikamweleza yote, ya kompyuta na ya kiti, machozi na kamasi vinanitiririka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Niitie mama," akasema. "Halafu wewe nenda."